Giaboksi Hafifu ya Abu Talal

Kijana akinijia na kuniuliza, "Mzee Haji, giaboksi gani ya otomatiki inafaa gari la zamani la Kimarekani?" mimi huweka spana chini na kumuuliza: nani ataliendesha, miguu yake ikoje, na anakwenda wapi? Wengi hunitazama kwa huruma. Mmoja aliniambia, "Mzee, nimekuuliza giaboksi, sikukuuliza hali ya mgonjwa." Nikacheka sana. Ana haki ya kushangaa. Lakini swali langu lina asili yake, nalo nilifunzwa na mtu mwenye goti lisilokunjika, kule Jedda, miaka ile mafuta yalipopanda bei na Saudia nzima ikawa na haraka.

Basi nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi, wenye kucha nyeusi na ndoto nyingi. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo msinihukumu kwa vituo na mikato. Na ndoto sijaziacha hadi leo. Bado nikiona gari lenye boneti refu limefunikwa turubai, moyo unanienda mbio kama kijana aliyekubaliwa posa.

Ami yangu Makame, mdogo wake baba, alihamia Jedda mwaka sitini na nne pamoja na familia nyingi za Unguja. Aliponiita nimfuate nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Gereji yake ilikuwa Ghulail, katikati ya maduka madogo na nyumba zilizobanana. Kafili wake, yaani mdhamini, Mwarabu ambaye biashara iliandikwa kwa jina lake, tulimuona mara mbili kwa mwaka. Gereji kule wanaiita warsha. Leo nikisikia watu wanakwenda warsha, wanakaa kwenye viti na kupewa soda na kalamu, mimi hunusa grisi tu.

Jina langu nalo lilikuwa kituko. Kwetu Haji ni jina la kawaida, mtu anazaliwa nalo. Kule nikisema naitwa Haji, wateja waliniuliza nimeshamaliza ibada na nitarudi kwetu lini. Mimi nimeshika jeki, nimepaka mafuta mpaka kwenye nyusi.

Kitu cha kwanza Ami alichonifundisha juu ya otomatiki ni kunusa. Giaboksi ya otomatiki ina mafuta yake, mepesi, mekundu kama maji ya komamanga. Ami alikuwa na kitambaa cheupe ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa. Anachovya kile kijiti cha kupimia, anadondosha tone kwenye kitambaa, anasubiri, kisha anainama na kunusa kama mtu anayechagua udi. Yakiwa mekundu na hayana harufu kali, unaendelea kuongea na mwenye mali. Yakiwa ya kahawia na yananuka chapati iliyoungua, unamshukuru na kuondoka, hata kama anakupa bure. Siku ya kwanza niliyoachiwa kunusa niliinama mno. Nikazunguka mchana kutwa na ncha ya pua nyekundu, na Ami hakuniambia. Aliwaacha wateja wafurahi.

Sasa nije kwa Abu Talal.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, hana mtoto bado ingawa jina lake maana yake ni baba wa Talal, mwenyeji wa Jedda, kwao mtaa wa Al-Hamra karibu na bahari, na kazi yake ofisini Riyadh. Alikuwa na gari la Kimarekani la milango miwili, la kijani, injini ya silinda nane. Gari la mtu anayependa barabara. Siku moja njiani akitoka Riyadh alimgonga ngamia. Ngamia akafa, gari likakunjika mbele, na goti lake la kushoto likagoma kukunjika tena maisha. Gari lile lilikuwa la gia za mkono, na klachi ni kazi ya mguu wa kushoto. Kwa hiyo mwenyewe kapona, lakini gari lake limemkataa.

Kaka yake mkubwa, Abu Nasir, aliliweka jambo wazi mbele yetu siku gari liliposhushwa kutoka kwenye lori. "Mpaka Ramadhani. Kama mpaka Ramadhani hawezi kuliendesha mwenyewe, naliuza na namwekea dereva. Mama yetu hataki hata kulisikia gari hili." Abu Talal alisimama ameegemea mkongojo wake. Mtu wa miaka thelathini anaambiwa atakaa kiti cha nyuma kama mtoto anayepelekwa shule. Mimi, jamani, nina moyo laini. Nilikwenda kuosha uso nyuma ya pipa.

Tukainyoosha bodi, tukapaka rangi, tukaifungua injini na kuifunga upya. Ikabaki giaboksi. Lazima iwe otomatiki, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa ipi.

Kwa injini ile kulikuwa na tatu, na elewa hili vizuri kwa sababu mpaka leo mambo ni hayo hayo, majina tu yanabadilika. Ya kwanza ni ndogo, ya gia mbili tu. Nyepesi, haina mambo mengi, lakini mlimani gari linalia: gia ya chini inapiga kelele, ya juu haina nguvu. Ya pili ni ya kati, ya gia tatu, nayo ikiwa na mkia mfupi inakaa mahali palepale ilipokuwa giaboksi ya mkono, hukati kitu. Ya tatu ni kubwa, ya gia tatu pia, ya pikapu na magari mazito. Hiyo ina nguvu za punda wawili, lakini ni nzito na ndefu. Inataka sakafu ipandishwe, mhimili wa chini unaoibeba usogezwe nyuma, na propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ifupishwe.

Wiki ile ya kuamua, Ami akaitwa Madina kwenye msiba. Akaniambia, "Usifungue kitu, usifunge kitu. Akija mtu, msikilize, na uyashike anayosema." Kesho yake akaja Abu Talal. Akaegemea gari lake, akapiga boneti kidogo kwa kiganja, akasema, "Ya Haji, abgha gir khafif."

Gir ndiyo giaboksi. Abgha ni nataka. Na khafif, nikajiambia, hili nalijua. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani na cha dukani, na neno hili tunalo kwetu. Hafifu! Kitambaa hafifu kinachanika ukikifua mara ya kwanza. Kazi hafifu ni aibu ya fundi. Mtu huyu anataka giaboksi mbovu mbovu. Nikamtazama na mkongojo wake nikahisi uchungu. Nikasema moyoni, kaka yake ameshamvunja, hata kuomba kitu kizuri anaogopa.

Nikamwambia kwa Kiarabu changu, nimenyoosha mgongo, "La, ya Abu Talal. Wewe mtu mkubwa. Khafif mafi. Mimi nitakupa thakil." Yaani hafifu hakuna, ni nzito, madhubuti.

Akacheka mpaka mkongojo ukamteleza. "Thakil? Nina mguu mmoja, Haji, unataka kuniua?"

"Thakil," nikasema tena, na mkono juu ya moyo.

"Wallahi wewe ni mtu wa mzaha," akasema, na akaondoka akiwa bado anacheka. Yeye alidhani natania, mimi nilidhani anacheka kwa furaha ya kuthaminiwa. Tukaachana tumependana, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Ami aliporudi akauliza, "Kataka nini?"

"Kataka kitu madhubuti, Ami. Ile kubwa."

"Kubwa itataka kukata sakafu."

"Ndivyo anavyotaka."

Hapo ndipo kosa lilipokamilika. Sikusema maneno ya mteja, nilisema tafsiri yangu. Mnanisikia? Mteja akikwambia neno, mpelekee bosi wako neno lile lile, hata kama kwako ni la kipuuzi.

Tukaenda tashlihi, ndiyo machinjio ya magari kule, uwanja mkubwa wa magari yaliyogongwa yakisubiri kugawanywa vipande. Tukapata ile kubwa, mafuta yake mekundu kabisa. Siku tisa tulifanya kazi. Nilipandisha sakafu kwa nyundo na moto mpaka katikati ya gari pakawa na nundu kama ya yule ngamia aliyegongwa. Propela ikakatwa na kuungwa. Nilikuwa nikiimba. Nilikuwa nikiliona gari lile likinguruma njia ya Riyadh, na watu wakiulizana, hii kazi ya nani?

Abu Talal akaja kujaribu, pamoja na kaka yake. Akaingia kinyume, kitako kwanza, akaubeba mguu wa kushoto kwa mikono miwili akauweka ndani, umenyooka kama ubao. Kisha akaingiza wa kulia. Na hapo nikaona kabla hajasema. Kule usukani uko kushoto, kwa hiyo ile nundu yangu ilikuwa imeusukuma mguu wa kulia kuelekea kushoto. Na wa kushoto hauwezi kujikunja kuupisha. Alipotaka kutoa mguu kwenye mafuta kwenda kwenye breki, kiatu kikagonga kiatu. Akajaribu tena. Kiatu kikagonga kiatu.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alizima injini akageuka, mguu umetokeza nje ya mlango, akamwambia Ami taratibu, "Ya muallim, mimi nilisema khafif."

Ami akanigeukia. "Alisema nini?"

"Alisema hafifu, Ami."

"Khafif, au hafifu?"

"Si yote moja?"

Ami akakaa juu ya tairi. Akaanza kucheka, kile kicheko cha bila sauti, mabega tu. Kisha akamwona Abu Talal alivyokaa, akaacha. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mwanangu, khafif kwao ni nyepesi. Kitu laini, kisichokuelemea, kinachokwenda kwa urahisi. Ni sifa hiyo. Sisi tuliwachukulia neno hili tukaenda nalo kwetu, likaharibikia njiani."

Abu Nasir yeye alishaanza kutembea. "Wiki mbili zimebaki," akasema bila kugeuka. "Nimeshaongea na mnunuzi."

Nilimwendea Abu Talal nikamwambia ni mimi, si Ami. Nikamweleza habari ya kitambaa kinachochanika. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza, halafu akaniuliza, "Unajua lugha ngapi, Haji?"

"Mbili."

"Unajua moja na nusu," akasema. "Na mimi nina mguu mmoja na nusu. Kanitafutie gir."

Ile ndogo ingemlilia mlimani; iliyomfaa ni ya kati yenye mkia mfupi, nayo Jedda nzima haikupatikana siku zile. Na propela nayo ilitakiwa nyingine, kwa sababu yake tulishaikata. Kazi ya kukata haina kurudi nyuma, ndiyo maana Ami alikuwa akipima mara tatu, na mimi nilikuwa nimempimia kwa ndoto. Ikabidi niende Riyadh.

Ami hakunipa karatasi ya vipimo. Alinipa uzi wenye mafundo. Inchi na sentimita zilitugombanisha sana na watu wa tashlihi, kila mtu ana rula yake, lakini uzi hauna lugha. Fundo la kwanza ni uso wa giaboksi unaokutana na injini, la pili ni pale inapokaa juu ya mhimili, la tatu ni mwisho wa mkia. Uzi mwingine ulikuwa wa propela. "Ukifika," akaniambia, "usiongee. Pima."

Riyadh miaka ile ilikuwa inajengwa yote kwa mpigo. Kila ukigeuka winchi, kila ukivuta pumzi saruji. Nilipata godoro Al-Murabba kwa Wakenya wawili wa kampuni ya ujenzi, watu wema, waliokuwa wakinitania kila nikinyoosha uzi wangu kuukagua: "Buda, leo unavua samaki gani huku jangwani?" Asubuhi naenda tashlihi, jioni narudi mikono mitupu, na wao wananiwekea wali.

Mwenye uwanja alikuwa mzee wa Kiyemeni aliyevaa miwani ya kioo kimoja. Siku mbili nilipima na kunusa. Tano zilinuka chapati. Moja ilikuwa safi lakini fundo la tatu likapita. Siku ya tatu akanionyesha gari la familia lililogongwa nyuma, mbele halina hata mkwaruzo. Nikalala chini yake. Uzi ukakaa fundo kwa fundo. Nikahesabu meno ya shafti yanayoingia kwenye propela, yakalingana na ya kwetu, na propela yake ikakubali uzi wa pili. Nikadondosha tone kwenye kitambaa, nikainama, si sana safari hii.

"Vipi?" mzee akauliza. "Gir inakupendeza?"

"Khafif," nikamwambia.

"Khafif sana," akasema kwa fahari, na mimi nikataka kumkumbatia.

Sasa namna ya kuifunga, na hapa tafadhali msirushe macho. Gari likitoka gia za mkono kwenda otomatiki, nyuma ya krenki mna kibushi kidogo kilichokuwa kikishika ncha ya shafti ya zamani. Kitoe. Ukikisahau, konveta haikai, nayo konveta ni lile bakuli la chuma lenye mafuta linalochukua nafasi ya klachi. Konveta yenyewe usiiweke tu. Isukume ukiizungusha, itaingia kwa vituo, na kila kituo utakisikia. Ikikaa sawasawa, giaboksi itakutana na injini kwa mkono. Isipokutana, shusha, anza upya. Mimi giaboksi ya kwanza niliyofunga, ya taksi, niliivuta kwa bolti, kwa nguvu, nikijisifu. Pampu ya ndani ikapasuka kama sahani. Ami hakunipiga wala hakunitukana. Aliniwekea vile vipande kwenye dirisha nilipokuwa nikinywa chai kila asubuhi, vikakaa pale mwaka mzima kama picha ya ndugu.

Na joto. Mafuta ya otomatiki huuawa na joto, na kule joto ndilo mwenyeji. Tukamwekea rejeta ndogo ya mafuta peke yake mbele ya ile ya maji, kwa sababu nilijua Abu Talal akishakata kiu ya kwanza atataka kupanda mlima wa Taifu. Sakafu nikaishusha kwa nyundo ileile niliyoipandishia, nimelala chali ndani ya gari siku mbili, nikaziba kwa bati jipya. Pedali ya klachi nikaing'oa, ukapatikana uwanja wa mguu ulionyooka.

Zilibaki siku nne Ramadhani iingie. Baada ya swala ya alasiri akaja Abu Nasir na mnunuzi wake, mtu mnene mwenye tasbihi ya kaharabu, akaanza kulizunguka gari akiligusagusa. Abu Talal akaingia, kitako kwanza. Akaweka mguu wa kushoto. Akaweka wa kulia. Mafuta, breki. Mafuta, breki. Akafanya hivyo mara kumi bila kuwasha gari, na hakuna kiatu kilichogonga kiatu.

Akamwambia kaka yake, "Panda."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeuza. Panda uone unachouza."

Abu Nasir akapanda. Abu Talal akawasha, akavuta gia kwa vidole viwili, na gari likaondoka kama mtu anayeinuka kwenye mkeka bila kuegemea. Likakata kona. Halas, ndiyo basi, hatukulisikia tena.

Tukatandika mkeka, tukamkaribisha mnunuzi chai. Akanywa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nusu saa, saa nzima. Mimi nilikwenda barabarani mpaka kwenye kona nimeinama, natafuta matone ya mafuta mekundu. "Umeibana ile mipira ya rejeta?" Ami akauliza. Nikasema nimeibana. Baada ya muda akauliza tena. Mara ya tatu nilikuwa sina uhakika hata kama nilizaliwa. Mnunuzi akatazama saa, akasema gari linalokwenda hivyo bila kurudi ama limekufa ama haliuzwi, na yote mawili kwake hayana faida. Akaenda zake.

Karibu na magharibi tukalisikia kabla hatujaliona. Likaingia taratibu, likasimama mbele ya mkeka. Abu Talal kwenye usukani, kilemba kimemkaa upande. Kiti cha mbele pembeni yake amekaa bibi wa makamo, amejifunika buibui lake, ameshika chupa ya kahawa mapajani. Na nyuma, kwenye kile kiti cha nyuma cha gari la milango miwili ambacho hata mbuzi angekilalamikia, Abu Nasir amekunjwa, magoti karibu na masikio.

"Mama amekataa kukaa nyuma," Abu Talal akatwambia.

Bibi akainamisha kichwa dirishani. "Nani kati yenu ndiye Haji?"

"Mimi, khala."

"Nilikuwa nasikia mngurumo wa gari hili usingizini, nikiamka naogopa," akasema. "Leo nimepanda, nimemwangalia mwanangu usoni njia nzima. Alikuwa anatabasamu peke yake kama alipokuwa mdogo. Mungu akuhifadhie mikono yako."

"Mama," ikatoka sauti nyuma, "shuka kidogo nami nitoke. Mguu umekufa ganzi."

"Sishuki," akasema bibi. "Bado hatujafika Taifu."

"Taifu? Sasa hivi?"

"Yalla, Talal, barabara inatungoja," akasema, akimwita mwanawe kwa jina la mtoto ambaye hata bado hajamzaa. Abu Talal akavuta gia kwa vidole viwili. Abu Nasir alikuwa anagonga kioo cha nyuma na kutwambia kitu, lakini hatukukisikia, na sikujitia kukitafsiri.

Nilisimama nimeinua mkono mpaka vumbi likatulia. Ami Makame akamwaga chai iliyopoa, akajifuta mikono.

"Kunja mkeka, mwanangu," akasema. "Hawa leo hawarudi."